Mwanangu hatulii tangu agongwe: ni ubongo, ni dawa, au ndivyo alivyo?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala, na ninaandika kuhusu mwanangu wa pili, Imran, mwenye umri wa miaka minane, ambaye yuko darasa la tatu. Mwanzoni mwa mwaka jana, akiwa anavuka barabara kwenda madrasa, aligongwa na bodaboda, akaanguka na kujigonga paji la uso kwenye ukingo wa mtaro. Alipoteza fahamu, akalazwa, na usiku ule ule akapata degedege mara moja. Alipigwa picha ya CT, tukaambiwa kuwa kuna mchubuko upande wa mbele wa ubongo lakini hakuna haja ya upasuaji. Siku ya kuruhusiwa tulipewa vidonge vya fenobabitoni, tukaelekezwa tumpe kila usiku. Hatukuambiwa tumpe mpaka lini. Kliniki tulihudhuria mara mbili, na mara zote mbili tulikutana na daktari mwingine, ambaye aliandika tu kwamba aendelee. Tangu hapo ninanunua vidonge hivyo duka la dawa, na degedege haijarudi, nashukuru Mungu.

Tatizo ni kwamba mtoto amebadilika. Mwalimu ameniita shuleni akalalamika kwamba Imran hamalizi kuandika kilichopo ubaoni, anainuka kila mara, anachokoza wenzake, na akikanyagwa kidogo anarusha ngumi. Nyumbani nikimtuma vitu viwili dukani anarudi na kimoja, au anarudi na mpira wa jirani. Asubuhi kumwamsha ni kazi kubwa, lakini ikifika jioni anarukaruka kama vile siku ndiyo imeanza. Kabla ya ajali alikuwa mchangamfu, lakini alichoanza alikimaliza. Baba yake anasema si kweli, mtoto alikuwa mtukutu tangu zamani na ndiyo sababu aligongwa.

Mama mkwe anaamini kuwa kuna kitu kilimkumba pale barabarani na anataka tumpeleke kwa mtaalamu wa mambo hayo. Shemeji yangu anayeishi Marekani anasema dalili hizi anazijua, kwa kuwa mwanawe alikuwa nazo na anatumia Ritalin, na ameahidi kutuma chupa moja na mtu anayekuja mwezi ujao. Mume wangu naye amesoma kwamba dawa za namna hiyo zinaharibu ubongo wa mtoto, na sasa anataka tuache vidonge vyote, hata hivi vya usiku. Tunabishana mbele ya watoto karibu kila siku. Nani kati yao nimsikilize?

Mama Imran, Mbagala

*

Marahaba, Mama Imran. Pole kwa ajali ya mtoto, na pole kwa kulazimika kumuuguza huku ukisuluhisha hoja za ukoo mzima.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma ninaona jambo ambalo hakuna kati ya hao watatu aliyeliuliza. Shemeji anataka kuongeza dawa, mumeo anataka kuziondoa zote, bibi anataka tiba ya aina nyingine kabisa. Lakini hakuna aliyetaka kujua kile kidonge cha usiku kilitolewa kwa kazi gani na kilitakiwa kufanya kazi hiyo kwa muda gani. Mimi ningeanzia hapo. Kabla sijaeleza sababu, naomba mumeo asome sentensi inayofuata kwa makini: fenobabitoni haiachwi ghafla. Mwili uliokwisha kuizoea, ukinyang'anywa kwa siku moja, unaweza kutoa degedege mfululizo ambazo hazikomi zenyewe, na hiyo ni hatari kwa maisha hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Ikiamuliwa iachwe, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi au miezi, na anayepanga hatua hizo ni daktari.

Fenobabitoni ilianza kutumika kuzuia kifafa mwaka 1912. Ni dawa ya bei nafuu, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na katika nchi kama yetu imewaokoa watu wengi ambao wasingeweza kumudu dawa nyingine, kwa hiyo sina nia ya kuipaka matope. Hata hivyo ina tabia moja ambayo madaktari wa watoto wanaifahamu vizuri: mtu mzima humpa usingizi na uzito, ilhali baadhi ya watoto huwafanya kinyume chake, wakawa hawatulii, wanakasirika upesi na hawawezi kushika jambo moja kwa muda. Mtoto mzito kuamka asubuhi na asiyekamatika jioni, kama ulivyomweleza Imran, si picha ngeni kwa watumiaji wa dawa hii.

Utafiti unaotajwa sana juu ya suala hili ulichapishwa Marekani mwaka 1990. Watoto wadogo 217, wenye umri kati ya miezi 8 na 36, ambao walikuwa wamepata degedege kwa sababu ya homa, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa fenobabitoni, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka miwili, waliopangiwa fenobabitoni walikuwa nyuma kwa wastani wa alama 8.4 katika kipimo cha akili, na miezi sita baadaye, dawa ikiwa imekwisha kuondolewa, bado palikuwa na tofauti ya alama 5.2. Hao walikuwa wachanga kuliko Imran na hawakuwa na jeraha la kichwa, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukambandika mwanao.

Tena haki inadai nikueleze upande wa pili. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini huko Bengali Magharibi, India, kwa watoto 94 wenye kifafa, nusu wakipewa fenobabitoni na nusu dawa nyingine iitwayo fenitoini, na watafiti hawakuona kwamba fenobabitoni ilisumbua tabia za watoto kuliko mwenzake. Ndiyo kusema, wapo watoto wengi wanaoitumia bila shida yoyote. Kwa kuwa hakuna anayeweza kutabiri ni mtoto yupi itamsumbua, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inawashauri watoa huduma waiepuke kwa mtoto mwenye kifafa ambaye tayari ana matatizo ya tabia au ya uwezo wa akili, na wafikirie dawa nyingine kama kabamazepini.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwangu ni zito zaidi: je, Imran bado anaihitaji? Umesema degedege ilimpata mara moja, usiku ule ule wa ajali. Madaktari hutofautisha degedege ya wiki ya kwanza, ambayo ni kelele za ubongo uliotoka kuumizwa, na ile inayokuja baadaye, ambayo huashiria kwamba kifafa kimeweka makazi. Mwaka huo huo wa 1990 palichapishwa utafiti mwingine wa Marekani, wa wagonjwa 404 waliojeruhiwa vibaya kichwani, ambao nusu yao walipewa fenitoini na nusu kidonge kisicho na dawa. Katika wiki ya kwanza dawa ilisaidia kweli: degedege ziliwapata asilimia 3.6 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 14.2 ya wasioitumia. Baada ya wiki hiyo, kwa kipindi chote kilichobaki, haikuonekana faida ya kuendelea. Haukuwa utafiti wa watoto na dawa si ile anayomeza Imran, lakini ndio mojawapo ya misingi ya desturi ya sasa ya kutoa kinga hiyo kwa siku chache tu baada ya jeraha, isipokuwa degedege zikijitokeza tena. Kwa maneno mengine, inawezekana kabisa kwamba mwanao anameza dawa ambayo kazi yake ilikwisha zamani, na inaendelea kwa sababu tu hakuna aliyeandika siku ya kuisimamisha. Inawezekana pia kwamba daktari wa kwanza aliona katika ile picha ya CT jambo lililomfanya aogope kuisimamisha mapema. Mimi na wewe hatuwezi kulijua hilo tukiwa Mbagala na karatasi ya ruhusa mkononi. Linahitaji mtu wa kumpima mtoto, kuitazama picha ile, na pengine kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo.

Nisije nikakuacha ukidhani kwamba kidonge pekee ndicho mkosaji, maana hata kikiondolewa, jeraha lenyewe linaweza kuwa na sehemu yake. Eneo la ubongo lililo nyuma ya paji la uso ndilo linalomwezesha mtu kujizuia, kupanga na kukumbuka kwamba ametumwa vitu viwili, na ndilo linalochelewa kukomaa kuliko mengine, hadi mtu anapopita umri wa miaka ishirini. Msingi wa nyumba unaweza kuwa na ufa usioonekana mpaka siku inapopandishwa ghorofa ya pili. Vivyo hivyo mtoto aliyeumia akiwa na miaka sita au saba anaweza kuonekana amepona, kisha upungufu ukajitokeza shule inapoanza kumdai zaidi.

Watafiti wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, wakiongozwa na Megan Narad, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watoto 187 waliolazwa wakiwa na umri wa miaka 3 hadi 7, wengine kwa jeraha la ubongo, wengine kwa kuvunjika mifupa tu. Walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka saba. Waliokuwa na jeraha kali la ubongo walikuwa na uwezekano wa takriban mara 3.6 wa kupata tatizo la kukosa umakini na utulivu kuliko wale wa mifupa, na kwa baadhi yao lilijitokeza miaka kadhaa baada ya ajali.

Huenda ukajiuliza kwa nini watoto wa ubongo walinganishwe na watoto wa mifupa badala ya watoto wazima. Hapo ndipo hoja ya baba Imran inapopata jibu la heshima. Ni kweli kwamba watoto wenye mbio hupata ajali zaidi, kwa hiyo ukiwalinganisha majeruhi na watoto waliokaa nyumbani kwao salama, utalibebesha jeraha lawama ambayo si yake. Watoto waliovunjika miguu nao ni majeruhi, nao walilazwa na kuogopa. Kinachobaki kuwatofautisha na wenzao ni ubongo. Tena waliokuwa na tatizo hilo tangu kabla ya ajali waliondolewa kwenye hesabu. Mumeo anaweza kuwa sahihi kwamba Imran alikuwa na mbio, na wewe ukawa sahihi kwamba amebadilika. Kauli hizo mbili hazipingani. Madaftari yake ya darasa la kwanza, yaliyoandikwa kabla ya ajali, yatasema zaidi kuliko ubishi wenu, kama bado mnayo. Yapelekeni kliniki.

Jambo lingine katika utafiti ule linawahusu ninyi moja kwa moja. Miongoni mwa watoto wenye jeraha la ubongo, wale ambao familia zao zilikuwa na mivutano mingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na kwa watoto wa mifupa mivutano hiyo haikuleta tofauti kubwa hivyo. Utafiti wa kufuatilia hauwezi kuthibitisha nini kilisababisha nini, kwani mtoto asiyetulia naye huwagombanisha wazazi. Lakini mimi ningesubiri watoto walale ndipo nibishane na mwenzangu.

Na sasa Ritalin. Dawa hii, ambayo jina lake la kitaalamu ni methilifenideti, ni jamaa ya zile zilizogunduliwa kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine, na 14 kati yao wakabadilika sana katika masomo; wengi walitulia badala ya kuchangamka zaidi. Kilichosomwa na mumeo, kwamba dawa hizi huharibu ubongo, hakiungwi mkono na miongo ya utafiti uliofuata. Madhara yanayojulikana ni mengine: kukosa hamu ya kula, usingizi kuchelewa, mapigo ya moyo na presha kupanda kidogo, na ukuaji kupungua. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza na watoto 579, watoto walioanzishiwa dawa walikuwa wamepungukiwa kimo kwa takriban sentimita 2 baada ya miaka mitatu, wakilinganishwa na wasioitumia. Si madhara ya kupuuzwa, wala si ya kutisha mtoto akiwa chini ya daktari anayempima uzito, kimo na presha. Hata hivyo watoto wa utafiti huo hawakuchaguliwa kwa sababu ya majeraha ya kichwa. Kwa watoto waliojeruhiwa ushahidi unatoka katika majaribio madogo, na maelezo ya dawa yenyewe yanaonya iwapo mtoto aliwahi kupata degedege. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayopanga orodha ya dawa muhimu ilikataa kuiingiza mwaka 2019, na tena mwaka 2021.

Kuna siku daktari anaweza kuona kwamba Imran anaihitaji, na siku hiyo ikifika msiikatae kwa hofu. Lakini kumpa mtoto dawa ya pili ya kutuliza tabia ambayo huenda imeletwa na dawa ya kwanza ni kuuficha ugonjwa, na utabaki na madhara ya vidonge viwili bila kujua kipi kilifanya nini.

Ushauri wangu, basi, ni uende hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, uombe rufaa ya kwenda Muhimbili, ambako wapo madaktari wa watoto wanaoshughulikia mfumo wa fahamu. Nenda na karatasi ya ruhusa, picha ya CT, pakiti ya vidonge ili waone vina miligramu ngapi, na daftari ulilojiandikia tarehe: ajali ilikuwa lini, dawa ilianza lini, malalamiko ya shule yalianza lini, kipimo kiliongezwa lini kama kiliongezwa. Mpangilio huo wa tarehe ndio utakaomsaidia daktari kuliko kitu kingine chochote utakachomweleza. Kwenye karatasi tafuta pia namba kati ya 3 na 15 inayoonyesha kiwango cha fahamu alipopokelewa; 13 kwenda juu huhesabiwa kuwa jeraha jepesi, 8 kushuka chini ni kali. Kisha uliza waziwazi: je, bado anahitaji kinga ya degedege, na kama anaihitaji, je, ipo dawa nyingine inayomfaa? Usikubali tena neno "aendelee" bila tarehe. Ikiamuliwa ipunguzwe, mwombe mwalimu akuandikie hali yake kila wiki, bila kumwambia ni wiki ipi kipimo kimeshushwa, ili maoni yake yasifuate matumaini yenu. Naomba pia apimwe masikio na macho, maana kichwa kilichogongwa huweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri katika darasa lililojaa huonekana mtundu.

Shuleni, kabla hata ya kliniki, omba akae mstari wa mbele mbali na dirisha na apewe kazi vipande vipande. Nyumbani mtume kitu kimoja kimoja. Na jambo ambalo wengi hawaelezwi: fenobabitoni hulifanya ini liyeyushe dawa nyingine upesi, na dawa mseto ya malaria, ALu, ni mojawapo ya zinazoweza kupungua nguvu. Akiugua malaria, mtaje mganga wa zahanati dawa anayotumia, na msimamie Imran amalize dozi na arudishwe kama homa haishuki.

Kwa mama mkwe sina ugomvi wa dua. Akitaka kumsomea mjukuu wake, na amsomee. Dawa za kunywa au za kufukiza ndizo ningezikataa kwa upole, kwa sababu ile ile niliyoitaja kuhusu kuchanganya vidonge.

Shemeji mwandikieni mapema, kabla mgeni hajafunga mizigo. Methilifenideti iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, na mtu anayebeba chupa yenye jina la mgonjwa mwingine anaweza kujikuta akihojiwa uwanja wa ndege kwa jambo ambalo alilifanya kwa wema. Kama anataka kusaidia, na nina hakika anataka, mwambieni gharama ya kipimo cha umeme wa ubongo na nauli za kliniki kwa miezi ijayo, achangie hapo.